Rudia Mara Tatu

Wiki yangu ya pili kazini niliandika mstari mmoja wa maagizo ya kompyuta, nikasifiwa.

Mezani kwetu zimefungwa pampu sita za dripu. Kila tukibadilisha programu ya pampu hizo, kompyuta huipakia yenyewe na kuijaribu: dawa ikiisha, kengele inalia? Ikilia, taa ya ukutani huwaka kijani. Siku zile kulikuwa na waya uliolegea, taa ikawa inawaka nyekundu bure bure. Nikaiagiza kompyuta: jaribio likishindwa, rudia hadi mara tatu, likipita hata mara moja, limepita.

"Una kichwa, binti," mkuu wetu, tunayemwita Injinia, aliniambia. Kesho yake waya ulikazwa. Mstari ukabaki.

Leo asubuhi, nikitafuta jambo jingine kabisa, nilifungua kumbukumbu za mwezi mzima. Mara kumi na moja kengele haikulia. Kila mara kompyuta ilirudia, kengele ikalia, taa ikawaka kijani. Mama mdogo, ambaye ni muuguzi, hupenda kusema mficha maradhi kifo humuumbua. Nilidhani ni maneno ya wauguzi tu.

Nilimkuta Injinia akibandika lebo kwenye maboksi ya pampu, mzigo wa kupelekwa hospitali mchana, nikamweleza.

"Kumi na moja kati ya ngapi?"

"Mia nne."

"Ah! Ni ule waya."

"Waya ulikazwa, bosi. Na si pampu moja. Ni zote sita."

Akaacha kubandika. "Huo mstari aliweka nani?"

"Mimi."

Hakuuliza aliyeupitisha ni nani. Jina lake liko chini ya langu.

"Ufute."

Nikaufuta. Tukasimama tukitazama majaribio yakianza upya. Kabla chai yake haijapoa, taa iliwaka nyekundu.

"Mzigo hauondoki," akasema polepole. "Na zile pampu nane zilizotangulia wodini?"

Ndizo nilizokuwa nazifikiria tangu asubuhi. Wodi hiyo ni ya mama mdogo, aliyenilea na kunisomesha. Injinia alinisogezea simu. "Piga wewe. Atakuelewa haraka."

"Mama, zile pampu zetu. Dawa inaweza kuisha na kengele isilie."

Akacheka. "Wewe nawe! Zinalia kama kuku anayetaga, zimenichosha masikio. Yenye adabu ni ya kitanda cha tano tu. Haijanisumbua tangu niingie zamu."

"Umeingia saa ngapi?"

"Saa moja."

Ilikuwa saa sita kasoro. Mfuko mmoja huisha kwa saa nne.

"Mama, nenda kitanda cha tano. Sasa hivi. Usikate simu."

Kicheko kikakatika. Nikasikia simu ikiwekwa mezani, kisha viatu vyake vikikimbia. Injinia alikuwa ameinama karibu yangu, lebo bado imemnasa kidoleni.

Mama alirudi simuni akihema. "Mfuko mkavu kabisa. Nimeweka mwingine. Presha imeshuka, lakini anaongea. Nilikuwa naziamini, mwanangu."

"Usiziamini," nikamwambia, huku nikitafuta viatu vyangu chini ya meza. "Ziangalie kwa macho yako. Nakuja tukae nazo sote."