Watu Saba wa Milimani

Kazi yangu ni kutunza watu waliomo ndani ya mashine. Wateja hawalijui hilo. Wao hutema mate kwenye kichupa, hulipa, kisha husubiri wiki sita waambiwe asili yao, utadhani imeandikwa kwa wino ndani ya mate. Haijaandikwa. Kompyuta huchukua vinasaba vyako na kuvilinganisha na makundi tuliyoipa sisi, watu ambao mababu na mabibi zao wote wanne walizaliwa sehemu moja. Ukifanana nusu na kundi la Bondeni, utaambiwa wewe ni nusu mtu wa Bondeni. Kama kundi lenu hatuna, utagawiwa kwa wengine. Asiyekuwepo na lake halipo.

Kundi la Milimani nililijaza mimi, na nililijaza vibaya. Mvua zilikata barabara, waliotumwa kukusanya sampuli wakarudi mikono mitupu, na Bosi akaja juu: "Ijumaa nataka milima iwe kwenye ramani. Utajua mwenyewe." Mfumo haukubali kundi lenye watu chini ya saba. Jumapili nikaenda nyumbani na vichupa saba. Mama, mama mkubwa, mama wadogo wawili, wajomba watatu. Wote tumbo moja, na asili yao ni ya milimani kila upande. Wajomba walitema huku wakibishana nani ana mate mengi. Mimi sikujiweka, maana marehemu baba alikuwa mtu wa Bondeni.

Kanuni yetu inakataza hata ndugu wawili katika kundi moja. Ukijaza ndugu, kompyuta huona ukoo ikadhani ni kabila zima. Nililijua hilo, hata wageni kazini huwa nawafundisha. Nikasema, funika kombe mwanaharamu apite.

Miaka miwili ikapita. Wateja walipata asilimia mbili tatu za Milimani, wakafurahi, wengine wakachapisha fulana. Halafu asubuhi moja, kikombe cha chai mkononi, nikafungua majibu ya mteja wa kike: nusu Milimani, nusu Bondeni.

Nilicheka. Nilidhani kuna mtu ofisini kaiba mate yangu kwa utani, maana yale ndiyo majibu ambayo ningepata mimi. Hata tarehe ya kuzaliwa ilikuwa yangu, na mji pia. Jina tu ndilo halikuwa langu.

Nikafunga mlango, nikalinganisha sampuli yake na ya mama peke yake. Zilifanana nusu kwa nusu, mwanzo mpaka mwisho, jinsi mtoto anavyofanana na mama aliyemzaa. Mama ana mtoto mmoja tu, na mtoto huyo ni mimi. Nikatema mate yangu kwenye kichupa. Nikaisubiri mashine siku mbili. Majibu yakaja: Milimani, sifuri. Bondeni, sifuri. Yaliyobaki niliyasoma kama mteja yeyote, majina ya sehemu ambazo sijawahi hata kuziota.

Niliogopa, sitaki kujifanya shujaa. Niliogopa mama asije akamwona. Mimi ndiye ninayemkuna mgongo, mimi ndiye ninayejua dawa zake za asubuhi na za jioni. Nina mama mmoja na sikuwa tayari kumgawa.

Mteja aliomba maelezo ya ana kwa ana, na ni haki yao. Alhamisi saa nne niko mezani, nikasikia mama anakuja koridoni: hatua moja nzito, ya pili inaburuta kisigino. Nikasimama kumpokea, nikijiuliza nani kamleta. Mlango ukafunguka, akaingia mwanamke wa rika langu. Uso ulikuwa wa mama, ule wa kabla ya mvi, ulioniinamia nikiwa mdogo naumwa. Akaketi, akavua kiatu kimoja chini ya meza. Mama naye huvua kimoja tu.

Yeye pia alinikodolea macho.

"Samahani dada, tumewahi kuonana?"

"Hapana."

"Haya." Akakohoa mara mbili kabla ya kuendelea, kama mama. "Nataka kujua hii Milimani. Kwetu hakuna mtu wa milimani, wala wa Bondeni. Baba alitangulia zamani, mama kafariki mwaka jana. Sina wa kumuuliza, ndiyo nikaona nije kwenu."

"Ni kosa la mfumo," nikasema kwa ile sauti laini ya kazini. "Hilo kundi halikukusanywa vizuri. Tunaliondoa."

"Mnaliondoa? Na watu wake je?"

"Hakuna watu, dada. Ni hesabu tu."

Nikachagua majina saba, la mama likiwa juu, nikabonyeza. Milima ikatoka kwenye ramani. Mashine ikamhesabu upya palepale: nusu ya Bondeni ikabaki, ile ya Milimani ikagawiwa waliobaki, asilimia tisa huku, kumi na moja kule. Nikamgeuzia skrini.

Akasoma pole pole. "Kwa hiyo sina kwetu," akasema. Hakulia. Heri angelia, maana wanaolia nimewazoea.

Akavaa kiatu, akasimama, akasita.

"Dada, usinielewe vibaya. Umefanana na marehemu mama mpaka naogopa. Muda wote nimekaa hapa najizuia tu. Nyumba yetu iliungua, sina picha yake hata moja. Naomba nikupige moja."

Ningeweza kukataa. Akaniambia nigeukie dirisha kidogo, nisitabasamu, mama hakuwa mtu wa kutabasamu. Akapiga. Akaitazama simu muda mrefu, kidole gumba kikipapasa kioo.

"Ndiye," akasema, akanionyesha.

Sijawahi kujiona vile. Alikuwa mwanamke mchovu, kabana midomo, anamtazama mtu ambaye hayumo pichani.

"Alikuwa mtu wa namna gani?" nikauliza.

"Mkali! Lakini mlango hakuwahi kumfungia mtu."

Nikaitazama tena ile picha. "Naomba unitumie na mimi hiyo picha."

"Ya nini, dada? Kwani kwenu hamna kioo?" Akacheka, akaniomba namba ya simu.

Nikampa ya ofisini.