Farasi ya Kavira

Siku ya Jumatatu, tarehe kumi na mbili mwezi wa tatu, mwaka 2001, ndiyo siku mambo yote yaliharibika kwa Maliro. Asubuhi ile Komanda Elikia, mutu wa jimbo ya mbali ya Équateur, aliingia mu lupango, kiwanja cha nyumba ya Maliro kule Mususa, na askari babili, akaonyesha farasi kwa kidole.

«Papa, ile nyama inaenda na mimi Beni. Ni ya Serikali sasa.»

Maliro alikuwa anakwangua kwato za farasi na kijiko kizee. Hakuinua kichwa. «Serikali gani, mon commandant? Tuko nazo mingi.»

Askari mumoja alicheka, halafu akakumbuka kazi yake.

Ile farasi, jina lake Dimanche, iliachwa na muzungu wa kahawa mwenye kukimbia vita. Kavira, muke wa Maliro, ndiye aliilea. Kila alipoipa ndizi, aliiambia «wasingya», ile asante ya Banande, batu ba kule, kwani alisema mwenye kukubebea mizigo unamushukuru kabla hajachoka. Mwaka uliopita Kavira alishikwa na homa. Maliro akamupandisha juu ya farasi, bakaenda hospitali, barrière ya askari, ule muti wa kufunga njia, ikabakatalia kupita. Ordre, amri ya bakubwa, ndivyo askari balisema. Kavira akafia pale kando ya barabara. Sasa bakubwa balitaka farasi pia.

«Acha niitengeneze,» Maliro akasema. «Na mimi nitatembea pembeni.»

Akatandika bulangeti, akainyoosha muzuri, kwani mukunjo mudogo unazaa kidonda mu mugongo. Akaweka selle, kiti ya farasi, akaikaza na mushipi wa chambre à air, ule mupira wa ndani wa gurudumu. «Mu kupanda mulima, unainama mbele. Mu mutelemuko, unashuka, unatembea.»

«Komanda hapana kutembea,» Elikia akajibu.

«Basi.»

Neno moja tu, lile la Kavira la kupa asante, Maliro hakumuambia.

Komanda akapanda, bakashika njia. Inje ya muji, muchuuzi mumoja, Mama Kavuo, alikuwa anavuka na kitunga cha avoka. Komanda, kwa kuonyesha moyo muzuri, akamupungia mukono apite.

«Wasingya,» Mama Kavuo akasema.

Dimanche akasimama. Akageuza kichwa, akatoa mudomo, akangojea ndizi. Komanda akapiga kisigino. Hapana. Akapiga tena. Hapana.

«Papa, iko na panne? Imeharibika?»

«Iko na adabu.»

Farasi ilipochoka kungojea, baliondoka, lakini kule mutu anashukuriwa kwa kulima, kwa kubeba, hata kwa kupita tu. Banashukuru mwenye jembe, farasi inasimama. Banashukuru mwenye kuni, inasimama tena. Komanda alivimba kama mukate mu furu ya kuokea.

Halafu bakafika ku barrière, ni ile ile penye Kavira alifia. Askari bakamuona mukubwa wao, bakainua muti mbio. Ananie, musukuma-chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubeba mizigo, akaona njia iko wazi na hakuna mwenye kuomba kitu, akapita na magunia yake. «Wasingya, mon commandant.»

Dimanche akasimama katikati, chini ya muti. Askari habakusubutu kuushusha juu ya kichwa cha mukubwa. Basukuma-chukudu bote ba nyuma bakapita kushoto na kuume, kila mumoja na asante yake, na kila asante ilizidi kumupanda Dimanche mu udongo kama nguzo. Bamama ba soko bakacheka mpaka bakakaa chini.

Komanda akashuka. Kwanza alikunja uso, halafu kicheko kikamushinda, akacheka naye.

«Kamata nyama yako, papa. Serikali hapana tafuta kichwa nguvu namna hii. Dawa yake nini?»

Maliro akatoa ndizi mu mufuko. Dimanche akakula, akaanza kutembea pole, akageukia upande wa Mususa yeye mwenyewe.

Maliro alishika kamba, lakini hakuenda. Aliangalia ule muti, ulikuwa ungali juu.

«Mon commandant, leo muti imepanda, na hakuna ordre yenye ilifika. Ile siku ya muke wangu, ordre ilitoka kwa nani?»

Komanda akaangalia askari. Askari bakaangalia muti. Hata leo batu ba Mususa, bakipita pale, banauliza tu vile Maliro aliuliza: ilitoka kwa nani?