Mkunga wa Nunziata

Sijawahi kutukanwa mezani kama nilivyotukanwa mkesha wa Krismasi pale Mergellina, na aliyenitukana hakufungua hata mdomo. Aliniwekea tu sahani ya samoni na embe.

Embe! Mkesha wa Krismasi! Napoli!

Kwa kawaida siku ile hatuli nje. Mke wangu Nunziata hupika mwenyewe, na chakula chenyewe ni mkunga. Nasema samaki, yule mrefu kama nyoka, si mkunga wa kuzalisha. Kwetu ukimla kwenye mkesha, umemtafuna nyoka wa shari zote za mwaka unaokuja. Usipomla, atakutafuna yeye. Nunziata alimkosa mara moja tu: mwaka ule paa lilivuja, mbuzi wa jirani akala vyeti vyetu vya ndoa, na mimi nikaota jipu mahali ambapo sitapataja. Sasa mwaka huu akateleza ngazini, akavunjika mkono, wakamfunga plasta ngumu kutoka vidoleni mpaka kiwikoni. Ikabidi twende mkahawani.

"Mkunga yuko wapi?" Nunziata akamuuliza mwenye mkahawa, kijana aitwaye Sabatino, nywele zina mafuta mengi kuliko jiko lake.

"Mama, hicho chakula cha kizamani. Wateja wa siku hizi wanaona kinyaa."

"Na yule je?"

Mlangoni kulikuwa na tangi la kioo. Ndani yake mkunga jike, mnene kama paja langu la ujanani, mrefu hivi kwamba kichwa kilikuwa kimeshakula na kushiba, mkia bado haujapata habari.

"Yule ni Malkia. Pambo. Watu wanapiga naye picha."

"Pambo?" nikafoka. "Umemfanya mkunga kuwa chungu cha maua?"

"Mzee, punguza sauti, kuna wageni."

"Mgeni ni wewe!"

Nunziata hakufoka. Alinivuta shati. "Tonino, binti yetu Carmela anajifungua Januari. Mwanangu siwezi kumwingiza kwenye mwaka huo hivihivi."

Basi, hapo damu ikanichemka. Nikalipiga lile tangi ngumi moja, kifuniko kikaruka mpaka barabarani. (Nunziata husema nilikiinua polepole nikijifanya natazama saa. Asisikilizwe, alikuwa amegeuka.) Malkia akachomoka, akapita katikati ya meza kama treni isiyo na kituo. Mhudumu wa kwanza akamdaka, akamponyoka. Wa pili akamrukia, akateleza kwa tumbo mpaka jikoni, akarudi na sufuria kichwani.

"Mshikeni!" analia Sabatino. "Msimuumize!"

"Mkunga hashikwi kwa mkono mtupu, pumbavu wewe!" Nunziata akasema. "Hata hilo mama yako hakukufundisha?"

Sisi humshika kwa gunia, kitu chochote chenye kukwaruza. Nunziata hakuwa na gunia. Akainama, akamkandamiza kwa ile plasta yake. Malkia akajizungusha mkononi pale, akakwama kama tai shingoni mwa bwana harusi. Mkahawa mzima ukasimama kupiga makofi.

Akaingia naye jikoni. "Wewe Sabatino, mimi nina mkono mmoja. Wako miwili ina kazi gani? Shika kisu."

"Mama, nakuomba, ana jina..."

"Hata mimi nina jina. Kata! Sasa unga. Mafuta yachemke kwanza, haraka ya nini? Siki baadaye, mwanangu, baadaye!"

Akamkaangisha huku anamsimanga mpaka mwisho. Malkia alitosha meza zote, na samoni wote wakarudi jikoni na embe zao. Nunziata akatafuna kipande cha kwanza amefumba macho. "Siki imepungua," akasema, akaongeza kipande kingine.

Januari Carmela akajifungua msichana. Aliteleza kuja duniani daktari bado anatafuta glavu.

Nilidhani hasira zimeniisha. Juzi nimepita Mergellina, nikaona ubao mkubwa mlangoni: "Njoo uonje Mkunga wa Sabatino, mapishi ya ukoo wetu."

Ukoo wake! Nimeingia kumuuliza ni ukoo upi. Wamenitoa nje watu watatu, na kofia yangu imebaki ndani.