Marhamu Iliyoishia Viatuni

Fundi viatu alikuwa keshavuka kizingiti, mkoba wa safari begani, akichechemea, shangazi yake alipomdaka ukosi wa shati.

"Hebu simama, baba. Mbona viatu vinang'aa hivyo?"

Wiki mbili shangazi alimpikia marhamu ya mshubiri, nta na mafuta ya nazi, apake kidonda cha kisigino. Fundi alipoiona nta laini namna ile, mazoea ya kazi yakamshinda: kisigino alikionjesha tu, viatu akavishibisha.

"Ngozi ni ngozi, shangazi."

"Kumbe! Mimi naungua jikoni, wanaopona ni viatu! Mguu ukioza, utasafiri kwa magoti? Keti hapo, jitu zima ovyo!"

Akaketi. Shangazi akakiosha kidonda kwa maji ya chumvi, akakipaka kwa kidole chake mwenyewe taratibu, akakifunga kitambaa safi, kisha akaenda kuvificha viatu uvunguni mwa kitanda chake. Fundi alitaka kununa, ila kicheko kilimponyoka.

Kidonda kilifunga siku ya kumi na mbili. Fundi alirudishiwa viatu, akaondoka kesho yake, akapata kazi mji wa pili, wala hakuchechemea tena. Shangazi bado anapika marhamu. Viatu vilidumu miaka sita.