Picha ya Shingo ya Mzee Ndululu

...na sasa amesogeza kiti hadi bega lake linaziba kioo cha kompyuta, huyu Muturi fundi, kana kwamba hataki Nthenya aone anachobonyeza, vidole vinakimbia, mdomo nao haufungi, eti shida si intaneti madam, intaneti iko sawa, huku nje inapaa, ni huku ndani inatambaa, na kweli inatambaa, picha ya shingo ya Mzee Ndululu imeganda kwenye asilimia thelathini na nne, daktari wa kusoma picha yuko Machakos anaingoja, na mzee mwenyewe amelala chumba cha pili, kola shingoni, ameambiwa asigeuke hata nzi akimtua puani, alianguka asubuhi kutoka juu ya lori la mbuzi, na Nthenya, miaka tisa akipiga eksirei hapa Mwingi, ameuona ule mstari mwembamba kwenye mfupa, labda ufa, labda kivuli tu, yeye si daktari, hawezi kusema mzee ainuliwe wala asiinuliwe... “Sista, bado?” Ni Kasiva, binti wa mzee, amesimama mlangoni. “Bado kidogo, mama,” na hilo kidogo amelisema mara ngapi tangu saa nne... “Nimebadilisha kadi ya mtandao ya hii mashine ya ndani,” Muturi anasema, “ile ingine ilikuwa ya kizamani, nikaiunganisha moja kwa moja na rauta, lakini wapi,” lakini wapi, anasema kwa upole, upole wa mtu anayejua, maana ni nani aliyeijenga kama si yeye, programu ya eksirei ilipokataa Windows mpya ndiye aliyesema tutaiwekea kompyuta ndani ya kompyuta, chumba ndani ya nyumba, na fundi aliyejenga chumba ndiye anayejua dirisha lisilofungwa, na mbona juzi alimshauri daktari mwenye kliniki anunue mtambo mpya, mtambo ambao, ajabu ya Mungu, yeye mwenyewe anauza, mtu hawezi kuuza dawa bila ugonjwa, macho yake sasa, angalia, hayapepesi... Mutie wa mapokezi naye hakupepesa. Aprili ile, Nthenya alipomshuku kula intaneti. Sista naapa sijaangalia mpira kwa hii mashine, mimi hutuma tu picha zako ukiwa na wagonjwa, na Nthenya akaangalia pembeni, akamwambia daktari mwenye kliniki yale aliyoyaamini, na Jumapili iliyofuata nafasi ya Mutie kwenye kwaya ilikuwa wazi, sauti ya nne ikapwaya, wakasema amerudi Kalamba kulima na mamake... lakini spidi haikurudi alipoondoka, hilo Nthenya hakuwahi kujiuliza, alihamisha tu jina, kutoka Mutie hadi Muturi, kama mtu anayehamisha jiwe kutoka kiatu hiki hadi kile... “Cheki hapa madam. Kupokea ni sawa. Ni kutuma ndiyo shida.” Amefungua dirisha dogo. “Kumbe kuna mtu aliweka kikomo! Hii ni spidi ya ile simu ya waya ya zamani,” na moyo wa Nthenya unaruka, amejinasa, amejifichua mwenyewe, mwizi anayeonyesha alipozika... kisha analiona dirisha lenyewe. Visanduku viwili, cha kupokea juu, cha kutuma chini. Analijua. Ilikuwa Alhamisi, Aprili ile ile, Mutie ameenda kununua maziwa, yeye akafunga mlango, akasoma maelekezo kwenye simu, akachagua spidi ya chini kabisa kotekote, mtego, kwamba anayetazama mpira ndiye atakayelalamika, na Mutie akalalamika, alikuja mbio, sista, leo mashine ni pole sana, picha ya yule mtoto haiendi... picha ya mtoto. Alisema picha ya mtoto, na yeye akasikia mpira. Kisha mtego akautegua, aliutegua, anakumbuka kuutegua, kile kisanduku cha juu, akafunga dirisha, akaenda kunawa mikono... cha juu tu. Miezi mingapi, picha ngapi, mifupa ya watu wangapi imepitia kwenye tundu hili alilolitoboa yeye kwa kidole hiki... “Lakini nani angefanya hivi?” Muturi anageuka, kidole bado kiko juu ya kipanya, hajabonyeza, na uso wake ni wa mtu aliyechoka tu, hakuna kingine, labda hakujawahi kuwa na kingine. “Si atakuwa yule Mutie mlifukuza?” Na jibu liko hapo, limepikwa, limepakuliwa, ni kutikisa kichwa tu, Mutie yuko mbali, hatasikia, nani atauliza... Kasiva amekohoa mlangoni. “Si Mutie,” Nthenya anasema. “Niliweka mimi. Ondoa, Muturi, ondoa upesi... Mutie hakufanya kitu.”