Kifurushi Kilichorudi Kila Jioni

Somo la kwanza lilikuwa kupakia kinyumenyume. Kifurushi cha nyumba ya mwisho kinaingia garini kwanza, cha nyumba ya kwanza kinakaa mlangoni, na atakayekosea hapo atashinda juani akifukua maboksi kama kuku. Kipara, dereva aliyekula chumvi nyingi kuliko wote pale ghalani, alimwonyesha dereva mpya mara moja tu, kisha akamwachia. Dereva huyo mpya alikuwa mwanamke mwenye mikono myepesi, na kabla chai ya Kipara haijapoa gari lilikuwa limejaa.

"Sasa sikiliza, Msimu," Kipara alisema. Wote walioajiriwa kwa miezi ya mizigo mingi waliitwa Msimu; wakongwe hawakuona haja ya kujifunza jina la mtu atakayeondoka. "Breki za gari hili ni za kubembeleza. Kanyaga mara mbili. Ya kwanza unaliamsha, ya pili ndiyo linasimama. Na huyo aliyekaa kiti cha abiria asikupe wasiwasi. Ni Msimu wa zamani. Alikufa nalo kwenye mteremko wa shule, likaingia mtaroni. Hana maneno."

Yule mwanamke akafungua mlango, akasalimia. Marehemu akaitika, akajisogeza dirishani asije akamlowesha. Alikuwa kijana mwembamba aliyefunga mkanda vizuri, suruali inachuruzika maji, miguuni ana soksi tu.

"Pole, kaka."

"Nimeshapoa, dada. Hapo getini kata kushoto, kulia pana mashimo."

Ndani ya gari lile hapakuwa na joto hata adhuhuri. Asubuhi, wakati wa kupakia, wakongwe walileta chupa zao za maji na kuzipanga karibu na miguu ya marehemu ili zipoe, na kabla ya kuondoka kila mmoja alikuja kuchukua yake na kumshukuru. Dereva mpya alikuwa na tambara lake la kufutia sakafu. Alilikamulia nje, akalianika kwenye kioo cha pembeni, safari ikaanza.

Aliitaka kazi ile kwa roho yake yote. Tangu mumewe aondoke, yeye na binti yake walilala sebuleni kwa kaka yake, wakikunja godoro kila alfajiri kabla wifi hajaamka. Wifi alikuwa mtu mwema na hakuwahi kuwasema vibaya, lakini siku hizi alikuwa ameanza kushusha pumzi akilikuta lile godoro nyuma ya kochi. Tena lilikuwa dogo, na mtoto hulala akirusha mateke. Karibu kila asubuhi binti aliamkia kwenye sakafu. Msimamizi wa ghala alikuwa amemwambia wazi: Msimu atakayemaliza bila kurudisha mzigo ghalani ataajiriwa moja kwa moja. Mwanamke yule aliyasikia maneno hayo, na usiku huo, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, alilala fofofo.

Marehemu alimsaidia sana. Alijua nyumba ipi kengele yake imekufa, mbwa gani anabweka bure na yupi ananyamaza kwanza. Alijua maduka yenye wauzaji wanaokubali kumshikia jirani mzigo. Maboksi yaliisha mapema mno hata wakongwe wakaanza kumtania kwamba Msimu wa mwaka huu amekula nyama ya paa. Ila kila jioni kulibaki kimoja.

Kilikuwa kifurushi kidogo, chepesi, kilicholowa pembe zote. Mama Gundi, mfungaji wa maboksi, alikifunga upya kila asubuhi na kulalamika kwamba gundi haishiki kitu chenye maji. Kati ya misimu hukaa rafuni, akasema, na rafu ile imeshaoza mara kadhaa. Msimu ukianza hupewa Msimu. Mzigo ukirudi unahesabiwa kwa aliyeubeba, na hakuna mkongwe aliyekuwa tayari kujichafulia jina kwa ajili ya boksi moja lisilopokelewa. Ndiyo maana hakuna Msimu aliyewahi kuajiriwa. Mama Gundi alimweleza hayo kwa upole, huku akikata gundi kwa meno.

Kifurushi kilikuwa cha nyumba yenye mlango wa bluu. Mara ya kwanza alifungua mama mtu mzima, mikono ina povu la sabuni.

"Shikamoo, mama. Nimeleta mzigo wako. Unasaini hapa kwenye simu, kwa kidole tu."

"Marahaba, mwanangu. Unatoka wapi?"

"Ghalani kwetu. Ni viatu vipya na koti la kazi, vya mwanao."

Mama akajifuta mikono taratibu.

"Mimi niliwapa mtoto," alisema. "Siwezi kupokea viatu." Kisha akachungulia barabarani. "Yumo?"

"Yumo, mama."

"Mwambie ashuke ale."

Garini, marehemu alikuwa ameinama, anapapasa chini ya kiti kama mtu aliyeangusha kitu. Hakuwa ameangusha kitu.

"Mama anasema ushuke ule."

"Nilimwambia nitarudi nikiwa nimeajiriwa," alijibu bila kuinuka. "Nitaingiaje hivihivi, mikono mitupu?"

Basi ikawa ndiyo desturi. Kila siku mwanamke alishuka na kifurushi, akapanda nacho, na katikati alibeba maneno. Mama alitaka kujua kama mwanawe anakohoa. Hakohoi. Alitaka kujua kama yule mwenye kipara bado anamtuma sigara. Siku hizi hamtumi. Mama alicheka akaziba mdomo kwa mkono wenye povu, na dereva akaona kwamba mwanawe hucheka vilevile.

"Kifurushi je, mama?"

"Rudi nacho kesho."

Siku moja kwenye mteremko wa shule, mguu wa mwanamke ulikanyaga mara mbili bila yeye kufikiri, gari likasimama mbele ya watoto waliokuwa wakivuka. Marehemu alikuwa ameshika dashibodi kwa mikono yote.

"Mimi sikuambiwa mara mbili," alisema. "Asubuhi ile walikuwa na haraka."

Jioni mwanamke alikwenda kwa msimamizi, akamwambia breki zitengenezwe. Msimamizi alikuwa anakula karanga. Alimuuliza kwa utaratibu kama gari linasimama au halisimami. Akajibu kwamba linasimama, ukikanyaga mara mbili. Msimamizi akasema basi linasimama. Akamkaribisha karanga.

Siku ya mwisho ya msimu ilifika na mvua nyepesi. Maboksi yaliisha, kikabaki kile kile. Mwanamke aliegesha mbele ya mlango wa bluu lakini hakushuka. Alikuwa amewaza usiku kucha: akiache kizingitini akimbie? Amwombe yule mama kwa magoti? Akaona haya hata kuwaza hivyo. Akalia kidogo, akapenga makamasi kwa tambara la sakafu.

"Nipe nisaini mimi," marehemu alisema.

"Wewe?"

"Viatu si vyangu?"

Mwanamke akaishika ile simu kifuani. "Ukisaini, mzigo umefika. Gari halitapita tena hapa. Mama hatapata hata neno."

"Najua."

"Sasa?"

"Mwanao analala sakafuni, dada."

Angeweza kukataa. Alikaa akitazama mlango wa bluu, akamfikiria yule mama aliyesimama nyuma ya mlango huo akisubiri hodi, na akalifikiria godoro nyuma ya kochi. Kisha akamnyooshea simu. Marehemu akaandika jina lake kwa kidole, maji yakatambaa kwenye kioo, simu ikalia kwamba mzigo umepokelewa. Akafungua boksi, akavaa koti, akafunga vifungo vyote mpaka shingoni. Viatu alivifuta kwanza kwa mkono wa koti. Nyuma yao mlango wa bluu ulifunguka, lakini gari lilikuwa limeshaondoka.

Ghalani msimamizi alikuwa akiwasubiri uwanjani, akiwa na tabasamu na wakongwe wamesimama nyuma yake.

"Msimu!" aliita. "Hongera. Umeajiriwa."

Wote wawili wakageuka. Marehemu alikuwa ameshafungua mkanda, amekanyaga chini mguu mmoja wenye kiatu, uso wake wote umechangamka. Hakuna aliyewahi kumwona hivyo. Mwanamke aliomba moyoni msimamizi asiseme neno lingine.

"Wewe mama," msimamizi alisema, akimwonyesha kwa kidole asikosewe.

Wakongwe wakapiga makofi. Kipara alipiga pia, akiangalia chini. Marehemu akaurudisha mguu ndani, akavuta mlango taratibu, akafunga mkanda.

Mwanamke alipewa gari jipya, breki zake hata ukizigusa kwa ncha ya kidole gumba linasimama. Alipanga chumba chenye dirisha, akanunua kitanda, na wifi alipokuja kumtembelea walikumbatiana wakacheka kama hawajawahi kukaa nyumba moja. Binti yake aliacha kupiga mateke. Furaha ile ilikuwa ya kweli na hakuionea aibu, isipokuwa alipokuwa peke yake barabarani.

Kabla mvua hazijaisha alipita mlango wa bluu, bila mzigo, kwa hiari yake. Mama alifungua hata hajabisha.

"Kifurushi kiko wapi?"

"Kilipokewa, mama."

"Kapokea nani?"

"Mwenyewe."

Povu likamdondoka mama vidoleni.

"Kumbe amekubali," alisema. Akamshukuru kwa kuja, akamtakia safari njema, akafunga mlango bila kishindo.

Miezi ya mizigo iliporudi, alikuja mwanamume wa makamo aliyekuwa fundi viatu mpaka wateja walipomkimbia. Kipara alikuwa amelala nyumbani akiuguza mgongo, kwa hiyo msimamizi alimwambia yule mwanamke amwonyeshe mgeni kazi. Akamfundisha kupakia kinyumenyume. Akampeleka kwenye lile gari la zamani pembeni, ambako chupa za maji zilikuwa zimepangwa tayari, na moja ilikuwa ya mwanamke mwenyewe.

"Viatu vizuri," fundi alisema, akiinama kutazama miguu ya marehemu. "Soli haijagusa barabara."

"Hashuki," mwanamke alimjibu.

Alijaribu kulikumbuka lile jina lililoandikwa kwa maji kwenye kioo cha simu. Alikuwa amelisoma. Alikuwa na hakika alilisoma.

"Sasa sikiliza, Msimu," alisema, na wote wawili wakamwinulia macho. "Breki zake ni za kubembeleza. Kanyaga mara mbili."