Anayelala Ndiye Anayelipa

Kalume wa Dzombo alizikwa mwezi wa Aprili nyuma ya nyumba yake pale Tezo, akiwa amevaa shati jeupe la mikono mirefu, bila viatu. Mwezi wa Mei akawasilisha ritani ya kodi.

Aliyemwasilishia ni mkewe, Dorcas, na msimlaumu kabla hamjasikia. Marehemu alikuwa seremala wa vitanda vya kuotea jua, na hoteli moja ya Bofa ilinunua kwake kwa mkataba wenye jina lake na namba yake ya kodi. Dorcas alipokwenda kueleza msiba, Joram, mhasibu wa hoteli, alimpa pole, akamwagizia soda, kisha akasema, "Mama Emily, sisi bila risiti ya kodi hatununui hata kijiko. Na namba mpya itataka mkataba mpya, utangazwe upya, washindane wengine."

Simu ya Kalume ilikuwa kabatini, neno lake la siri Dorcas alilijua, na binti yao Emily alibakisha mwaka mmoja chuo cha uuguzi. Ungekuwa wewe ungefanyaje?

Kodi yenyewe, hii ya ongezeko la thamani, Kalume ndiye aliyemfundisha. "Ni kama karai la zege siku ya kumwaga slabu," alikuwa akisema. "Mwenye mbao anakutoza kumi na sita juu ya kila mia. Unalipa, hulii, unachukua risiti. Ukimuuzia mwenye hoteli nawe unamtoza. Unatoa ile uliyokwisha kulipa kwenye mbao, iliyobaki unapeleka serikalini. Mwenye hoteli naye anatoa yako, anamtoza mgeni. Karai linapita mikononi. Ila mgeni hana wa kumpokeza. Anayelala ndiye anayelipa."

Dorcas aliona mwenyewe ukweli wa maneno hayo. Jimmy, seremala wa ng'ambo ya barabara, alikuwa na mkono mzuri kuliko Kalume, na bei yake ilikuwa chini. Lakini hakuwa na risiti, na kodi ambayo haina risiti hakuna awezaye kuirudisha. Hoteli zikampita kama hazimwoni, akabaki kutengenezea majirani viti vya mkopo.

Kalume basi alikuwa mkali wa risiti mpaka anachekesha. Siku moja alirudi Malindi mbio kwa sababu ya risiti ya misumari. Na juu ya mlango wa karakana aliandika kwa rangi nyekundu, kwa mkono wake mwenyewe: MALI IKIUZWA HAIRUDI.

Miezi minne mambo yalikwenda. Mafundi watatu walichonga, Dorcas alitoa risiti kwa jina la mumewe, na kabla ya kila tarehe ishirini alipeleka simu kwa Linet, msichana mwenye saiba, kibanda cha kompyuta, pale njia panda, amjazie ritani. Mwezi wa Septemba Linet akauliza, "Mama, shuka nyeupe na kaniki mmenunua za nini?"

"Shuka gani?"

"Zimo kwenye manunuzi. Haya hujileta yenyewe, mradi muuzaji ameandika namba yenu."

Dorcas akasema ni makosa ya mtu. Oktoba zikaja mbao nne za mvule na kilo moja ya misumari. Karakana yao haikuwa na habari na mvule. Wao walifanyia kazi mwarobaini. Duka lilikuwa la Taufiq, mwuza mbao wa Malindi. Dorcas akafunga safari.

"Bwana wako alikuja mwenyewe, bibi," Taufiq alisema, kwa upole wa watu wa mjini. "Alitaja namba yake kwa moyo, herufi kwa herufi. Nikamuuliza, utabeba vipi? Akasema, usijali, si mbali."

"Alivaaje?"

"Shati jeupe, la mikono mirefu. Safi kabisa. Nilichostaajabu ni kuwa hana viatu."

Vifungo vya shati lile alivifunga Dorcas, kimoja kimoja. Aliaga, akarudi Tezo akiwa hoi.

Alifika saa saba, jua la utosi. Mafundi walikuwa wamekwenda kula. Nyuma ya nyumba kulikuwa na sauti ya randa ikipita juu ya mbao, polepole, kwa mvuto ule mrefu wa Kalume aliyekuwa hapendi haraka. Dorcas alizunguka nyumba. Sauti ikakatika. Hapakuwa na mtu, ila juu ya kaburi palikuwa na maranda ya mvule, mabichi, bado yamejikunja.

Akaenda moja kwa moja kwa mavyaa wake, Kadzo, bibi asiye na subira na mtu yeyote.

"Unamwita mara ngapi kwa mwezi?" Kadzo aliuliza.

"Simwiti, mayo. Natoa risiti tu."

"Jina lake limo?"

"Limo."

"Basi unamwita. Na ukimwita unampa nini?"

"Sijampa kitu, mayo."

"Koma, mzimu wa aliyekufa, huitwa kwa tembo na unga, akaambiwa shida ya anayemwita, akaambiwa rudi ukalale. Wewe unamwita kazini. Mtu akiitwa kazini huja kazini. Na mwanamume akishajenga hutaka mkewe ndani. Atakuchukua, Dorcas. Ifunge hiyo namba."

"Hoteli imeagiza vitanda arobaini vya Desemba. Karo ya mwisho ya Emily imo humo. Miezi michache tu, mayo."

"Haya. Akija mlangoni, mweleze habari za karo."

Dorcas hakuifunga. Na kuna jambo hakumwambia mavyaa wake: aliogopa, ndiyo, lakini pia alifurahi. Nyumba ilikuwa imekufa tangu Aprili. Sasa kila siku saa saba alikaa karibu na dirisha la nyuma, sahani ya wali mapajani, akisikiliza randa, kisha nyundo, na mwishoni mwa Novemba akasikia harufu ya vanishi. Mwezi huo kwenye orodha ya Linet palikuwa na godoro, tano kwa sita.

Vitanda arobaini vilikwenda Bofa. Pesa ziliingia tarehe kumi Januari, karo ikatumwa siku iyo hiyo. Tarehe kumi na nane asubuhi Dorcas alimimina tembo kaburini, akaomba radhi, akachukua cheti cha kifo na kwenda saiba.

"Funga," alimwambia Linet.

Linet aligonga vitufe, akakunja uso. "Manunuzi safari hii hakuna. Lakini kuna mauzo hukuniambia."

"Vitanda arobaini."

"Hivyo nimeviona. Kuna kimoja zaidi, cha mwezi huu. Kitanda cha mvule, tano kwa sita, na godoro lake. Mnunuzi ni wewe, mama. Jina tu, namba yako haikuandikwa."

"Maana yake nini?"

"Mnunuzi asiye na namba ni mlaji wa mwisho. Hana wa kumdai. Kodi imeishia kwake."

"Ifute!"

"Kuifuta ni lazima mali irudi kwa aliyeuza. Na bila hivyo namba haifungiki." Linet aliisogelea skrini. "Halafu saa yake ina kasoro. Imeandikwa leo, saa saba mchana."

Wote wawili walitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa sita na nusu.

Dorcas alipanda pikipiki. Ataitoa mali, ataiweka kaburini, biashara iishe. Njia nzima alijiambia hivyo. Alipofika, mafundi walikuwa wanaondoka kwenda kula, na alipowaita kila mmoja alipita akizungumza na mwenzake, kama hawamwoni.

Kitanda kilikuwa chumbani kwake, mahali pa kile cha zamani. Kilikuwa kizuri. Alishika mguu wake akavuta, kikasogea kidogo, kikagota. Alizunguka upande wa pili, akasukuma kwa bega mpaka jasho likamtoka, ndipo akaona alichopaswa kuona mapema: kilikuwa kimeunganishiwa humo humo ndani, kipana kuliko mlango. Kalume hakuwahi kukosea vipimo.

Shuka nyeupe ilikuwa imetandikwa. Upande wa ukutani, upande wa mumewe, godoro lilikuwa limebonyea. Upande wake ulikuwa umenyooka, na juu ya mto palikuwa na risiti. Kupitia dirishani, ng'ambo ya ua, maneno mekundu ya karakana yalikuwa yakimtazama.

Simu ikalia kwenye kanga. Ujumbe ulikuwa wa Emily: karo imepokelewa, Mama, jina langu limo kwenye orodha ya mtihani, Mungu akuweke.

Dorcas aliusoma mara mbili. Akalia kidogo, akajibu: Soma, mwanangu.

Saa saba ikafika. Siku hiyo nyuma ya nyumba randa haikulia, wala nyundo. Dorcas aliketi kwenye ukingo wa kitanda, akainama, akavua viatu.